Mwendokasi wa Kimara umenirudisha kwenye gari langu, halafu nahubiriwa habari za hewa ukaa

Wanajamvi, leo asubuhi nimesimama kituo cha mabasi ya mwendokasi cha Kimara Mwisho, hapa Dar es Salaam, kwa dakika hamsini, nikahesabu mabasi matatu yaliyopita matupu mbele ya foleni iliyokuwa imeshatoka nje ya kituo, na hakuna mhudumu hata mmoja aliyeona haja ya kutueleza yalikuwa yanakwenda wapi. La nne lilipofungua milango, vijana waliingilia madirishani, mama mjamzito akasukumwa pembeni, nami nikatoka nikachukua bodaboda hadi Posta huku nauli ya basi nimeshailipa.

Kinachoniudhi ni kwamba usafiri mzuri wa basi ulishawezekana hapa. Huduma ilipoanza Mei 2016, ikiwa na mabasi 140 katika njia ya kilomita 21 hivi, mimi na majirani zangu kadhaa tuliacha magari nyumbani bila kushurutishwa na mtu, kwa sababu basi lilikuwa linatufikisha mjini mapema kuliko gari. Mwaka 2018 jiji likapewa Tuzo ya Usafiri Endelevu kwa mfumo huu huu. Basi refu la mita 18 linabeba zaidi ya watu mia moja kwa injini moja. Watu hao wakikata tamaa, kila mwenye gari akarudia gari lake na asiye nalo akapanda bodaboda au bajaji, injini moja inageuka kuwa makumi ya injini zinazounguza mafuta kwenye foleni ya Ubungo pasipo kusogea. Moshi wa basi lisilokuja unatoka kwenye bomba la gari langu, na hakuna ripoti inayouandika.

Mvua nayo ikinyesha, Mto Msimbazi unafurika, barabara inafungwa pale Jangwani na huduma inasimama. Aliyeamua karakana ya mabasi ijengwe katika bonde ambalo kila mzaliwa wa Magomeni anajua kuwa ni njia ya maji, naomba siku moja aje atueleze hesabu zake.

Tunaambiwa pia kwamba suluhisho ni mabasi ya gesi na ya umeme. Sipingi: gesi ya Songo Songo imefika Dar es Salaam tangu 2004, na treni ya umeme inakwenda Dodoma tangu 2024, hivyo kununua tena mabasi ya dizeli kungekuwa aibu. Lakini basi la umeme likipita tupu mbele ya abiria mia tatu, litakuwa limepunguza moshi wa nani?

Ninachodai kwa mwendeshaji hakihitaji mkopo wa nje. Atangaze kila asubuhi ni mabasi mangapi yako barabarani, abandike kituoni muda wa basi linalofuata, na basi tupu linapopita bila kusimama atuambie sababu papo hapo. Nimeandika barua mbili tangu mwaka jana na sijajibiwa hata moja.

Kesho natoa gari.