Kitabu kipya cha historia kilichokutikisa: tupeane uzoefu

Mwana wa Kibokoni
Assalaam alaykum wapendwa. Nimemaliza kitabu cha Zeinab Badawi cha mwaka 2024 juu ya historia ya Afrika, ambacho alikiandika baada ya kuzunguka zaidi ya nchi 30 za bara hili akiwasikiliza wanahistoria wa nchi hizo wenyewe. Naomba kila mmoja ataje kitabu kipya cha historia au cha mambo ya sasa, na aeleze kilimfanya nini. Kukisifu tu hakutoshi.

Baharia Mstaafu
Changu ni cha Philippe Sands kuhusu visiwa vya Chagos katika Bahari ya Hindi, kilichotoka mwaka 2022. Nilipokuwa melini tuliambiwa tu kwamba Diego Garcia, kimojawapo cha visiwa hivyo, ni kambi ya Wamarekani na haisogelewi. Hakuna aliyetueleza kwamba kati ya mwaka 1968 na 1973 wenyeji wote waliondolewa, wakapelekwa Mauritius na Ushelisheli. Sands, ambaye alikuwa wakili wa Mauritius, anamfuata mama mmoja wa Chagos, Liseby Elysé, hadi ushahidi wake ulipofika Mahakama ya Kimataifa ya Haki, ambayo mwaka 2019 ilitoa maoni kwamba Uingereza iache kuvitawala visiwa hivyo. Nilihisi haya, kwa kuwa bahari ile ni yetu na habari zake sikuzijua.

Msomaji wa Tudor
Naunga mkono. Sehemu ya yule mama niliirudia kuisoma.

Binti wa Kisauni
Mlipotaja watu kuondolewa makwao, nimemkumbuka ami yangu. Nilinunua kile kitabu kinene cha mwanahistoria Caroline Elkins cha mwaka 2022 kuhusu mabavu ya dola ya Waingereza, nacho kikanirudisha kwenye kitabu chake cha mwaka 2005 kuhusu kambi za kizuizini za wakati wa Mau Mau. Ami ana mtoto wa jicho, kwa hiyo baada ya Isha nilikuwa nikimsomea na kumweleza kwa Kiswahili, naye akisikiliza huku akitafuna tambuu. Tukafika kwenye habari za kambi ya Hola, tarehe 3 Machi 1959, siku ambayo mahabusu 11 walipigwa hadi kufa kwa sababu ya kugoma kufanya kazi. Nikamsomea kwamba serikali hapo mwanzo ilidai watu wale walikufa baada ya kunywa maji ya gari la maji.

Ami aliacha kutafuna. Akaniambia nirudie hapo, nikarudia. Kisha akasema kwamba maji yale hayakuwa na kasoro yoyote, kwa kuwa yeye mwenyewe, akiwa kijana wa kibarua, alikuwa miongoni mwa waliokuwa wakiyateka, na askari walikunywa hayo hayo. Mkewe, ambaye ameishi naye umri mzima, alikuwa pale pale akichambua mchele, na hakuwa amewahi kusikia kwamba mumewe alifika Hola. Ami alikichukua kitabu mikononi mwangu, akakifunga, akakitia chini ya mto wake. Nilirudishiwa baadaye bila neno, na kila nikigusia habari hiyo hunituma dukani.

Msomaji wa Tudor
Subhanallah. Mrekodi, Bi mdogo, mrekodi kabla hajaondoka na siri yake.

Kijana wa Changamwe
Samahani, lakini wazee wetu wote walikuwapo kila mahali. Babu yangu naye alidai kwamba alimpa mkono Kenyatta.

Binti wa Kisauni
Ndugu yangu, ami hakudai lolote kwa umri wake wote, na hilo ndilo lililonitisha.

Mwalimu wa Bondeni
Simkadhibishi mzee. Nasema tu kwamba Elkins asomwe kwa hadhari, kwa sababu makisio yake ya idadi ya waliokufa yalipingwa. Mtaalamu wa takwimu za watu, John Blacker, mwaka 2007 alikadiria vifo vya wakati huo kama 50,000, nusu yake watoto. Anayetaka kumbukumbu za mahakama amsome mwanahistoria David Anderson, aliyeonyesha kwamba Waingereza waliwanyonga watu 1,090 wakati wa Mau Mau.

Mwana wa Kibokoni
Mwalimu, hadhari hiyo mbona huwawekei walioficha majalada? Yaliyokuwa Hanslope Park, ghala la serikali huko Uingereza, yalikiriwa kuwapo mwaka 2011 tu, kwa sababu wazee walioteswa wakati wa Mau Mau walikwenda mahakamani, na Elkins na Anderson wote wawili wakawasaidia kwa ushahidi wa kitaalamu. Mwaka 2013 Uingereza ilikubali kuwalipa wazee 5,228, na pamoja na gharama za kesi jumla ikawa pauni milioni 19.9. Hailipwi fedha kama hiyo kwa chumvi ya mwandishi.

Mwalimu wa Bondeni
Neno chumvi umelileta wewe. Mateso kuthibitika ni jambo moja, na hesabu ya vifo ni jambo jingine.

Baharia Mstaafu
Jamani, mada ilikuwa vitabu vipya, nasi tumeshafika mahakamani. Anayeanza aanze na Badawi.

Msomaji wa Tudor
Mimi nasema aanze na Anderson, kisha Elkins, na Badawi awe wa kupumulia.

Kijana wa Changamwe
Mimi nasema aanze na kitabu chembamba, maana bei ya hivyo vinene inatosha kulipa karo. Na asimsomee mzee yeyote usiku.

Mwalimu wa Bondeni
Kinyume chake, awasomee wazee, ila kalamu na daftari viwe karibu. Binti wa Kisauni, usimuulize ami kuhusu vifo. Muulize gari lile lilikuwa la rangi gani na nani alikuwa akiliendesha. Mengine yatafuata yenyewe.

Binti wa Kisauni
Shukrani, Mwalimu. Nitajaribu Ijumaa baada ya chakula. Na mwenye nakala ya Anderson aniazime, nitaifuata hata ikiwa Mtwapa.