Kutembea Manyovu bila mwongozaji, inawezekana?

Wakuu, niko Kigoma mjini, nina siku tatu. Nataka kutembea kwa miguu kijiji hadi kijiji huko Manyovu, karibu na mpaka wa Burundi, peke yangu. Hifadhi ya Gombe nimeambiwa lazima mwongozaji.

Jibu: Inawezekana, mimi nilienda Juni. Kwanza jitambulishe kwa mwenyekiti wa kijiji. Burundi iko hapo hapo, mgeni mwenye begi ataulizwa tu. Vijia vinapita katikati ya kahawa na migomba, kila baada ya nyumba tatu kinagawanyika. Nilipotea mara mbili. Bibi mmoja mwenye jembe begani akanirudisha njiani, akanipa na gimbi la moto. Simu yangu ilikuwa inanionyesha nimesimama mtoni!

Jibu: Masika usithubutu. Ule udongo mwekundu ni bamia.

Muuliza: Haya, nasubiri Juni. Viatu gani?

Jibu: Mimi nilivaa yeboyebo. Usiniige.