Naomba ushauri: nyumba inayotumia nishati kidogo, fedha ianzie wapi?

Mwenye_Kiwanja

Salaam wanajukwaa. Ninajiandaa kujenga nyumba ya kuishi na familia yangu, isiyo na ghorofa, yenye ukubwa wa takriban mita za mraba 100. Msingi haujachimbwa na ramani bado inachorwa, kwa hiyo karibu kila kitu kinaweza kubadilishwa. Eneo lenyewe lina miezi ya joto kali mchana, na miezi mingine ambayo baridi ya usiku hulazimisha nyumba ipashwe moto.

Nimeishi miaka mingi katika nyumba ambayo mchana inachoma na usiku haikaliki kwa baridi, na sehemu kubwa ya kipato chetu imekuwa ikienda kwenye umeme wa kufidia makosa ya jengo. Sitaki kuijenga tena nyumba ile ile kwa fedha yangu mwenyewe. Muuzaji mmoja wa vifaa amenishauri nitenge fungu kubwa kwa ajili ya paneli za sola, betri na kiyoyozi chenye nguvu, halafu kuta na paa nivijenge kwa njia ya kawaida. Fundi wangu naye anasema unene wa tofali unatosha na kwamba vihami joto, yaani tabaka za sufi au povu za kuzuia joto lisipite, ni anasa. Kwa kuwa nilicho nacho hakitoshi kufanya yote kwa mkupuo mmoja, naomba mnisaidie kujua yapi lazima yafanyike sasa, yapi yanaweza kusubiri, na kama ni kweli kwamba ukuta mnene peke yake unatosha.

Mchora_Ramani

Ndugu, umeuliza kabla ya jembe kugusa ardhi, na huo ndio wakati ambao ushauri una thamani kubwa zaidi. Kigezo ninachokitumia mimi ni hiki: kitu chochote kitakachofunikwa na zege, plasta au dari kifanywe sasa na kifanywe vizuri, na kitu kinachoweza kufungwa kwa bolti baada ya miaka mitano kisubiri. Paneli za sola zinasubiri bila tatizo lolote. Kihami joto cha chini ya jamvi, yaani sakafu ya zege, hakisubiri, kwa sababu hakuna atakayevunja sakafu nzima ili akiweke.

Anza na umbo la nyumba, kwa kuwa halikugharimu kitu wakati liko kwenye karatasi. Nyumba ya mita 10 kwa 10 ina mzunguko wa kuta wa mita 40, ilhali ya mita 5 kwa 20, yenye eneo lile lile la mita za mraba 100, ina mzunguko wa mita 50. Umeongeza robo nzima ya ukuta wa kununua, wa kuhami na wa kupoteza joto, na hujapata hata chumba kimoja cha ziada. Kila kona na kila chumba kinachochomoza nje huongeza hesabu hiyo.

Kisha tazama jua. Nje ya ukanda wa tropiki, jua la mchana hupita upande mmoja wa anga, yaani kusini kwa walio kaskazini na kaskazini kwa walio kusini, na upande huo ndio unaofaa kwa madirisha makubwa: wakati wa joto jua liko juu na upenu mpana unalizuia, wakati wa baridi liko chini na linaingia ndani. Ndani ya tropiki jua hupita pande zote mbili kulingana na majira, kwa hiyo kivuli kinahitajika pande zote na paa ndilo linalobeba mzigo mkubwa. Popote ulipo, ogopa dirisha kubwa la magharibi. Jua la alasiri huja likiwa limeinama, upenu haulizuii, na mita moja ya mraba ya kioo cha kawaida inaweza kuingiza zaidi ya wati 500, sawa na kuwasha hita ndogo ndani ya chumba ambacho kimekuwa kikipata joto tangu asubuhi. Kivuli cha dirisha kiwekwe nje ya kioo. Pazia la ndani hukutana na joto likiwa limekwisha kuingia.

Fundi_Kenchi

Naomba nijibu suala la tofali, kwa sababu nalisikia kila ninapokwenda kupaua. Tofali la kuchoma hupitisha joto takriban mara 20 zaidi ya sufi ya madini au bamba la povu lenye unene ule ule. Maana yake ni kwamba sentimita 5 za kihami zinazuia joto sawa na ukuta wa tofali wenye unene wa karibu mita moja. Fundi wako ni mwaminifu, sina shaka, lakini amechanganya uimara wa ukuta na uwezo wake wa kuzuia joto.

Kama fedha yako inatosha kuhami sehemu moja tu, hami dari. Bati lililopigwa na jua hurusha joto kuelekea chini kama sahani ya jiko, na usiku wa baridi hewa yenye joto hupanda na kutafuta njia ya kutokea juu. Kuna foili ya kung'aa ambayo wengi huibandika wakidhani inafanya kazi yenyewe tu. Foili hurudisha zaidi ya asilimia 90 ya joto linalokuja kwa mnururisho, yaani linalosafiri kama mwanga bila kugusana, lakini ni pale tu upande wake wa kung'aa unapotazama nafasi wazi ya hewa, walau sentimita 2. Ikibanwa kati ya bati na ubao, inakuwa karatasi ya chuma inayopitisha joto kama chuma kingine chochote. Mimi huigeuza itazame chini, ili vumbi lisitue juu ya uso wake na kuufifisha.

Juu ya dari tandaza sufi au pamba ya kioo, na hapa nakuomba usimamie mwenyewe, ukaguzi ufanyike mbele yako. Chukua dari ambayo kihami kimepunguza upitaji wa joto hadi sehemu moja ya kumi. Ukiacha wazi sehemu 5 tu katika kila 100 za dari hiyo, jumla ya joto linalopita huongezeka kwa karibu nusu. Mianya hiyo hutokea pembeni kwenye mikanda ya zege, kuzunguka nguzo za kenchi, kwenye mfuniko wa kupandia darini, na zaidi ya yote mahali taa za kuzama zilipotobolewa. Taa hizo ziache kabisa. Ni mashimo mengi katika sehemu ambayo hutaki shimo hata moja, na nyingi haziruhusiwi kufunikwa na kihami kwa sababu ya hatari ya moto.

Nimeshahamia

Kaka, mimi nimejenga, nimehamia, na nimelia, kwa hiyo nakuandikia kwa moyo wote. Kuta zetu tulizihami vizuri kwa mabamba ya povu upande wa nje. Lakini ukingo wa jamvi tuliuacha wazi, na lenta za zege juu ya madirisha zikatokeza hadi nje bila kufunikwa. Msimu wa kwanza wa baridi ulipofika, sehemu hizo ndizo zilizogeuka kuwa njia ya mkato ya joto. Mstari mweusi wa kuvu ulianza chini ya ukuta wa chumba cha watoto, ukapanda pembeni mwa kabati, na mtoto wangu mdogo akakohoa miezi miwili.

Nilikuja kuelewa sababu baadaye. Hewa ya ndani ikiwa na nyuzi joto 20 na unyevu wa asilimia 50, mvuke wake huanza kuwa matone juu ya kitu chochote chenye nyuzi 9 hivi. Kuvu haingoji hata matone; ukuta ukishuka hadi nyuzi 12 au 13 katika hewa hiyo hiyo, unyevu wa usoni mwake unafikia kiwango ambacho kuvu humea. Kwa hiyo kona yenye baridi ni suala la afya kabla ya kuwa suala la umeme. Tuliirekebisha kwa kuchimba kuzunguka nyumba nzima na kubandika mabamba ya povu yasiyonyonya maji hadi chini ya usawa wa ardhi, kazi ambayo ingekuwa ya siku mbili kama ingefanyika wakati wa msingi.

Kosa la pili lilikuwa fremu za alumini za kawaida. Alumini hupitisha joto karibu mara elfu moja zaidi ya plastiki ya fremu. Ukitaka alumini, uliza ile iliyokatwa katikati kwa kipande cha plastiki.

Mpima_Hewa

Pole sana, dada, na nashukuru umeandika hayo wazi. Nitaongeza jambo ambalo halionekani kwenye ramani, nalo ni hewa inayojipitisha yenyewe. Kihami hakisaidii kitu pale upepo unapoingia chini ya mlango, kandokando ya fremu na katika mabomba ya nyaya. Nyumba ya kwanza ya Passivhaus, kiwango cha Kijerumani cha nyumba zinazotumia nishati kidogo sana, iliyokamilika Darmstadt, Ujerumani, mwaka 1991, ilionyesha kwamba jengo likizibwa na kuhamiwa ipasavyo linaweza kubaki na joto la kutosha kwa uniti (kilowati-saa) zisizozidi 15 kwa kila mita ya mraba kwa mwaka mzima. Kiwango hicho kinataka kwamba, hewa ikisukumwa kwa tofauti ya shinikizo la pasikali 50 kati ya ndani na nje, isibadilike zaidi ya mara 0.6 ya ujazo wa nyumba kwa saa.

Si lazima ufikie hapo. Lakini kipimo chenyewe kinaweza kufanyika katika nyumba yoyote: feni kubwa hufungwa kwenye fremu ya mlango, madirisha yote yanafungwa, na mtu anazunguka na kijiti kinachotoa moshi akitazama unakovutwa. Kifanyike baada ya madirisha kufungwa na kabla dari na umaliziaji havijafunika kila kitu, kwa sababu hapo mwanya huzibwa kwa mkanda au silikoni ndani ya dakika chache.

Ukishaziba, lazima uingize hewa safi kwa makusudi. Yapo mashine yanayotoa hewa chafu na kuingiza safi huku yakihamisha robo tatu au zaidi ya joto kutoka moja kwenda nyingine. Bila hayo, weka matundu unayoweza kuyafungua na kuyafunga pamoja na feni za kutolea mvuke jikoni na bafuni. Na tafadhali, usiweke ndani jiko au hita ya kuchoma gesi, kuni au mkaa inayotumia hewa ya chumba. Kabonimonoksaidi, gesi ya sumu inayotokana na moto huo, haina harufu, na katika nyumba iliyozibwa huua watu wakiwa usingizini.

Mwenye_Kiwanja

Nimesoma kila jibu mara mbili, na dada Nimeshahamia nakutakia afya njema wewe na mtoto. Naomba kuuliza mawili. Kama kihami kinashinda tofali kwa mbali hivyo, je, nijenge kuta nyepesi kabisa? Na madirisha ya vioo viwili, kwa bajeti finyu, ni lazima kila mahali?

Mchora_Ramani

Hapana, usiutupe uzito. Hapa natofautiana kidogo na namna Fundi_Kenchi alivyoliweka, ingawa hesabu yake ni sahihi. Tofali na zege huzuia joto vibaya lakini hulihifadhi vizuri, na katika eneo kama lako, lenye tofauti kubwa kati ya mchana na usiku, hifadhi hiyo ni mali. Sharti ni kwamba uzito ukae ndani na kihami kikae nje yake, kama koti juu ya mwili. Ukigeuza mpangilio, ukuta utahifadhi joto la barabarani badala ya lako. Isitoshe, katika mzunguko wa siku moja ni takriban sentimita 10 za upande wa ndani ndizo zinazofanya kazi, kwa hiyo hakuna haja ya ukuta mnene kupita kiasi. Fedha ya unene huo iende kwenye kihami.

Kuhusu madirisha, kioo kimoja hupitisha takriban wati 5.8 katika kila mita ya mraba kwa kila tofauti ya nyuzi moja. Vioo viwili vya kawaida hupitisha karibu 2.8, na vioo viwili vyenye utando wa kurudisha joto na gesi ya agoni katikati karibu 1.2. Mimi ningepunguza idadi na ukubwa wa madirisha katika pande zisizofaa, kisha nikanunua vioo vizuri kwa yaliyobaki. Dirisha dogo la chooni na la stoo yanaweza kuwa ya kawaida.

Nimeshahamia

Asante, kaka; mtoto amepona kabisa. Niongeze kuhusu vifaa: usinunue kiyoyozi wala hita kabla mhandisi hajapiga hesabu ya nyumba hii uliyoibadilisha, kwa sababu hitaji lake litakuwa dogo kuliko alilokadiria muuzaji. Maji ya moto yafikirie mapema. Kupasha lita 100 kutoka nyuzi 20 hadi 50 kunahitaji takriban uniti 3.5 kila mara, na pampu ya joto, mashine inayovuta joto la hewa na kulihamishia kwenye maji, inayotoa uniti tatu za joto kwa kila moja ya umeme inapunguza hiyo hadi zaidi kidogo ya uniti moja. Weka bafu, jiko na tangi karibu karibu, na mabomba ya moto uyavike kihami kabla hayajafukiwa. Kwa ajili ya sola ya baadaye, laza sasa bomba tupu la nyaya kutoka paani hadi kwenye kisanduku cha umeme na uache nafasi ndani yake.

Fundi_Kenchi

Nakubali sahihisho la Mchora_Ramani. Kihami kikae nje. Kwa mpangilio wako, basi, fedha ianzie kwenye ukingo na chini ya jamvi, ipande kwenye dari, ifuate kuziba hewa, kuta za nje na vivuli, kisha madirisha. Mafundi walipwe kwa hatua, na kila hatua uipige picha ukiwa na futi kando ya kihami kabla hakijafunikwa. Ukifika siku ya kumwaga jamvi, zile picha za chini yake zilete hapa kwanza, tuzitazame kabla ya zege kuja.