Kusaka dhahabu porini Australia wiki ya Krismasi, hilo joto mnalihimili vipi?

Mwana_Temeke:
Wadau habari za saa hizi. Mi niko Perth huu mwaka wa tatu, nimenunua ditekta ya mtumba, kile kifaa kinacholia kikihisi chuma au dhahabu ardhini, kwa mzee mmoja hapa mtaani na leseni ya kutafuta madini ya Miner's Right nishakata, sasa mimi na shemeji yangu tunataka wiki ya Krismasi tuende upande wa Leonora, huko bara porini, tukakae siku nne tutafute vipande vya dhahabu, maana likizo yenyewe tunaipata wakati huo tu. Kila ninayemwambia anashtuka, eti joto la huko Desemba litatuua. Jamani mi nimekulia Dar, joto nalijua, nimebeba zege juani mwezi wa pili. Ni kweli hali mbaya kiasi hicho au watu wanatisha tu? Na maji, nimepiga hesabu lita 20 kwa wote wawili, zinatosha? Shemeji ana presha anatumia dawa ila yuko fiti.

Kepteni_Dampa:
Mkuu, lita 20 ni za mtu mmoja siku mbili, tena hajanawa uso. Huku porini tunahesabu lita 10 kwa kichwa kwa siku, nyie wawili siku nne hizo ni lita 80, na juu yake akiba ya siku mbili tatu gari likizingua. Na zisikae kwenye pipa moja, gawa kwenye madumu madogo madogo, moja likitoboka usipoteze yote.

Kuhusu joto la Dar, naomba unisikilize kwasababu na mi nilikuja na akili hiyohiyo. Dar ukitoka jasho shati linaganda mgongoni, unajua kabisa unalowa. Huku hewa ni kavu, jasho linakauka kabla hujaliona, unajiona uko poa kumbe maji yanaisha mwilini. Utakuja kujua ukivua shati unakuta michirizi myeupe ya chumvi kwapani. Desemba na Januari nyuzi 40 huko ni jambo la kawaida, na hiyo inapimwa kivulini, we utakuwa juani umeinama unachimba ardhi nyekundu inayokurudishia joto usoni.

Mi naendesha dampa, lile lori kubwa la kubeba mawe, mgodini Goldfields, ukanda huohuo wa Leonora, mwaka wa nane, siku za off natoka na ditekta. Mwaka juzi Novemba tulitoka mimi na mwenzangu, tukakubaliana saa tatu asubuhi kila mtu yuko garini. Saa mbili na nusu nikapata kipande kadogo kama punje ya choroko. Sasa ukishapata kimoja, masikio hayatoki kwenye hedifoni, kila mlio unakwambia kingine hiki hapa, na pale kulikuwa na mawe ya chuma mengi yale meusi yanayodanganya ditekta, nachimba jiwe, nachimba jiwe, nasema hili la mwisho. Nakuja kuangalia saa ni saa tano. Chupa imeisha zamani. Kichwa kinagonga, alafu nikahisi baridi, vinyweleo vimesimama mikononi kwenye jua lile. Nikaanza kutembea kwenda garini na niliamini kabisa naenda garini. Mwenzangu kaniita mara tatu siitiki, kanikuta naelekea upande mwingine porini. Akaniuliza mwanao wa kwanza anaitwa nani, nikamtajia jina la marehemu kaka yangu.

Gari lilikuwa kama mita mia tatu tu. Akanivuta kwenye kivuli cha turubai, akanivua buti na shati, akanimwagia maji mwili mzima huku ananipepea na kipande cha boksi, barafu ya kwenye kuli boksi akaniwekea shingoni, kwapani na kwenye mapaja huku juu. Ningekuwa peke yangu nisingeandika hapa leo. Joto linaanza na akili ndugu yangu, kwahiyo usijipime kwa unavyojisikia, jipime kwa saa. Weka alamu, ikilia unaacha hata kama ditekta inalia.

Nesi_Zai:
Kaka, mimi ni muuguzi na hapo kwa shemeji umepita haraka sana. Baadhi ya dawa za presha zinakojolesha, zingine zinauzuia moyo usiongeze kasi pale mwili unapotaka kujipoza, kwahiyo mtu anaweza kuonekana fiti hapo Perth alafu akaanguka porini. ASIACHE dawa mwenyewe, naomba sana, aende kwa daktari wake aseme wazi nataka kwenda kufanya kazi juani nyuzi 40, asikilize atakachoambiwa.

Alafu dalili mzijue wote wawili. Misuli kukaza, kizunguzungu, kichefuchefu, mkojo mweusi kama chai ya rangi, hapo mnasimama kazi, kivulini, maji kidogokidogo. Akianza kuchanganyikiwa, kuongea visivyoeleweka, kuyumba au kuzimia, hiyo ni dharura, mwili umeshapita nyuzi 40 na ubongo unaumia kila dakika. Msisubiri eti mpaka aache kutoka jasho, mtu aliyekuwa anafanya kazi anaweza kuwa katika hali hiyo na jasho bado linamtoka. Mpozeni palepale huku mnaita msaada 000, namba ya dharura ya Australia, alivyofanya mwenzake Kepteni ndo hivohivo. Na aliyechanganyikiwa msimnyweshe kwa nguvu, atapaliwa.

Kingine watu hawakijui, maji matupu mengi mno kwa haraka nayo yana hatari, chumvi ya damu inashuka. Kunywa kama kikombe kila robo saa au dakika ishirini, kuleni chakula chenye chumvi, bebeni na ORS, zile pakiti za chumvi na sukari za kuchanganya na maji. Zikiisha, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vya kufuta na nusu kijiko kidogo cha chumvi, ileile tunayowapa watoto wakiharisha.

Bin_Muscat:
Assalaam alaykum. Niko Oman, nasimamia vijana wa ujenzi. Huku Juni mpaka Agosti sheria inakataza kazi ya juani kuanzia saa sita u nusu mchana hadi saa tisa u nusu, na bado asubuhi tunakuwa waangalifu. Nilichokiona kwa macho yangu, anayeanguka mara nyingi ni mgeni wa kazi, siku zake za mwanzo. Mwili unataka wiki moja mpaka mbili kulizoea joto, unaanza na saa chache unaongeza polepole. Nyie mnatoka ofisini kwenye AC mnakwenda siku nne, yaani safari nzima mtakuwa wageni, mtarudi kabla miili haijazoea.

Mwana_Temeke:
Shukrani sana wakuu, dada Zai nimekuelewa. Je tukifanya usiku na tochi za kichwani, mchana tukalala?

Kepteni_Dampa:
Wapo wanaofanya hivo kiangazi, ila pori lile lina mashimo ya wachimbaji wa zamani tangu miaka ya 1890, mengine hayana hata uzio, unaingia mzima mzima. Na nyoka wakati wa joto wanatembea usiku. Na huo mchana unalala wapi? Hema linakuwa oveni, na miti ya mulga kivuli chake ni chembamba. Wenyeji wengi ditekta wanaziweka ndani kiangazi, wanatoka kuanzia Aprili au Mei mpaka Septemba, usiku unapiga baridi lakini mchana unafanya kazi vizuri.

Hata ukienda mwezi wa saba, simu nyingi huko hazishiki hivyo hiyo 000 hutaipata, beba kile kifaa cha kuita uokoaji kwa setilaiti, kukisajili ni bure. Muachie mtu wa mjini ramani ya mnakokwenda na saa ya kumpigia. Gari likifa MSILIACHE, lina kivuli na linaonekana kutoka juu kuliko mtu. Na kabla hujashika ditekta weka alama ya gari kwenye GPS, pori lile ni mti uleule kila upande.

Mwana_Temeke:
Nimemsomea shemeji yote, pale pa jina la marehemu akanyamaza kabisa. Tumesogeza mpaka Julai, kesho naongea na bosi nibadilishe likizo, na yeye ana miadi kwa daktari Jumanne. Kepteni, Julai ukiwa off tunaweza kukufuata siku ya kwanza utuelekeze?

Kepteni_Dampa:
Njooni. Niandikieni mwezi wa tano nikipata rosta. Madumu anzeni kukusanya sasa hivi.