Mjadala: Je, wanamichezo wa nguvu waondolewe nyanda za juu?

Hoja inayorudiwa ni kwamba hewa nyepesi ya Iten na Eldoret, iliyowalea wakimbiaji wetu wa masafa marefu, inawadhoofisha wanyanyua uzani na warushaji, hivyo kambi zao zihamishiwe pwani. Naipinga, ingawa sisemi kwamba mwinuko hauwagusi.

Iten iko takriban mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na kila pumzi huko ina oksijeni pungufu kwa karibu robo kuliko Mombasa. Hata hivyo, anayeinua chuma kizito mara moja au kurusha mkuki humaliza kazi kwa sekunde chache, akitumia fosfokreatini, yaani kemikali ya nishati iliyokwisha kuhifadhiwa katika misuli, ambayo haingoji oksijeni. Oksijeni huhitajika baadaye, akiba hiyo inapojazwa upya, na hapo ndipo mwinuko unapouma: mwanamichezo aliyetoka pwani akipumzika kati ya seti, yaani mafungu ya marudio, kwa muda ule ule aliouzoea, ataanza seti zinazofuata nguvu hazijamrudia, atapunguza uzani au marudio, na kocha asipogundua mapema, misuli itakosa mzigo wa kuijenga. Mgeni huyo pia huenda akakosa usingizi mzuri na hamu ya chakula siku za kwanza, jambo zito kwa anayejenga mwili. Dawa yake ni mapumziko marefu zaidi kati ya seti, chakula na maji ya kutosha, si kuhamisha kambi.

Wanaotaja kusinyaa kwa misuli wanachanganya mambo. Katika jaribio la Operesheni Everest II la mwaka 1985, misuli ya waliojitolea ilipungua kweli, lakini walikaa siku 40 hivi ndani ya chumba ambacho kanieneo (shinikizo la hewa) yake ilishushwa hatua kwa hatua hadi ile ya kilele cha Everest, si ya Iten.

Mrusha mkuki Julius Yego alikulia Nandi, huko huko nyanda za juu, akatwaa dhahabu ya dunia Beijing mwaka 2015 kwa mrusho wa mita 92.72. Ni kweli alinolewa pia Kuortane, Finland. Alichokifuata huko, kwa maoni yangu, ni ujuzi na vifaa vya mkuki, wala si hewa nzito.

Warusha kisahani ndio wenye hoja ya haki, kwa sababu kisahani hubebwa na hewa, na hewa nyepesi hukibeba kidogo. Hao wahitaji muda wa kurushia nyanda za chini kabla ya mashindano. Kwa wengine, anayetetea pwani atuonyeshe kwanza ukumbi wa vyuma na kocha watakaowapata huko ambao hawawezi kupatikana Eldoret.