Kuendesha gari Marekani: ESTA yatosha?

Swali: Wadau, hamjambo. Mimi niko Mombasa, binamu yangu yuko Leicester na pasi ya Uingereza. Twataka kukodi gari Los Angeles, tupite Las Vegas na Grand Canyon hadi Denver. Yeye ashikilia nijaze ESTA, kile kibali cha mtandaoni cha kuingia Marekani bila viza, dola 40 hivi, mambo kwisha. Kweli?

Jibu: Kwake kweli, kwako la. Kenya haimo kwenye mpango huo wa nchi zisizohitaji viza. Wewe ni viza ya B1/B2, ya matembezi na biashara: fomu ya DS-160, dola 185, kisha mahojiano ubalozini Nairobi. Usilipie gari kabla hujapata viza.

Jibu: Naongezea. Mimi afisa wa uwanja wa ndege aliniuliza naenda wapi, nikamjibu, "Kutembea tu." Alinitazama! Nikatoa karatasi niliyochora njia kwa kalamu, na jina la hoteli ya kwanza. Hapo ndipo uso ulipolegea. Viza ni ya kukufikisha mlangoni. Siku za kukaa ziko kwenye I-94, rekodi yako ya kuingia, itazame mtandaoni ukishaingia, ni bure. Binamu ana siku 90, na akichepuka Kanada akarudi, kwa kawaida hazianzi upya.

Muulizaji: Shukrani ndugu. Na leseni?

Jibu: Chukua kibali cha kimataifa pale AA Kenya, na leseni yenyewe usiiache nyumbani, kibali peke yake hakitoshi. Chini ya miaka 25 jiandae kutozwa zaidi na wakodishaji gari. Na kule gari hupita kulia, bwana. Siku ya kwanza niliwasha waipa kila nilipotaka kukata kona.