Utangulizi wa makala: nikate wapi?

mwana_wa_pwani: Wakuu, habari za jioni. Tasnifu yangu ya uzamili ni ya wakulima wa mwani Unguja, sasa naipunguza iwe makala ya jarida. Msimamizi kanirudishia utangulizi, pembeni kaandika neno moja tu: "Mrefu!" Naanza hivi: "Tangu enzi na enzi bahari imekuwa na umuhimu mkubwa kwa mwanadamu..." Mwani wenyewe naufikia ukurasa wa nne.

mpita_njia: Futa enzi na enzi zote. Kwisha.

kalamu_nyekundu: Huyo kakukata bila ganzi, mdogo wangu, ila kasema kweli. Mimi huhakiki makala. Nikikuta bahari na mwanadamu kwenye sentensi ya kwanza, naruka hadi aya ya tatu.

Anzia vijiji vya Paje na Jambiani, 1989, kilimo cha biashara kilipoanza kwa mbegu za Ufilipino. Kisha leta kinachouma: kuna aina mbili za mwani, kotonii na spinosamu; kotonii ndiyo yenye bei, lakini maji yakipata joto inakufa, spinosamu inavumilia, bei yake ya kutupa. Na wakulima wengi ni akina mama. Aya mbili zinatosha.

Halafu pengo la utafiti. Hapa ndipo mnapoponzwa, mnaandika "hakuna utafiti uliowahi kufanyika". Mwani wa Zanzibar? Tafiti zimejaa tele, na pengine mhakiki wako ndiye aliyezifanya! Taja nani kachunguza nini na kaishia wapi, ndipo useme wewe unaendelea na lipi.

John Swales, mtaalamu wa uandishi wa kitaaluma, alishayapanga haya mwaka 1990: unaonyesha uwanja, unaonyesha sehemu iliyo wazi, unaingia. Mapitio marefu ya kazi tangulizi yaache kwenye tasnifu.

mpita_njia: Na usimalize utangulizi kwa "sehemu ya pili itajadili hiki, ya tatu kile". Baadhi ya majarida yanataka, mengi hayana haja. Soma mwongozo wao kwanza.

mwana_wa_pwani: Asante sana kaka kalamu. Swali langu hasa lilikuwa hili: wakishauriwa kuhamishia kamba za kufungia mwani kwenye kina kirefu, ambako maji hayachemki, akina mama wasiojua kuogelea wanaamuaje?

kalamu_nyekundu: Kumbe! Hilo umelificha ukurasa gani?

mwana_wa_pwani: Wa tano, chini.

kalamu_nyekundu: Lipandishe ukurasa wa kwanza leo hii. Na mimi ni dada, si kaka.